Kijana Aliyehifadhi Majibu Kumi na Manne: uchambuzi wa kisa kimoja cha mtihani wa insha, Lamu

Mama yake ndiye aliyenijia kwanza. Alinikuta nimekaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni mwangu, baada ya sala ya alasiri, akasimama upande wa kivuli, na baada ya kujuliana hali akanieleza shida yake kwa maneno machache: "Mwalimu, mwanangu asoma mpaka alfajiri, hulala na kitabu kifuani. Mtu asomaye hivi huanguka vipi mtihani?" Sikuwa na jibu la kumpa jioni ile. Nilimwambia tu amtume kijana kwangu, na aje na kila karatasi aliyo nayo.

Kijana mwenyewe alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, akisomea historia na dini ya Kiislamu katika chuo kikuu ambacho sitakitaja. Alikuwa ameanguka somo moja tu, nalo ni lile ambalo mtu wa Lamu hangetarajiwa kuanguka: historia ya pwani ya Afrika Mashariki kuanzia 1800. Katika majaribio ya katikati ya muhula, ambayo hubeba alama 30, alipata 21. Katika mtihani wa mwisho, ambao hubeba alama 70, alipata 17. Jumla ikawa 38, na kupita huanzia 40. Alikuwa amerudi nyumbani na wiki tano mkononi kabla ya mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wenyewe huuita sapu.

Pengo kati ya 21 kwa 30 na 17 kwa 70 lilinivutia kabla ya jambo jingine lolote. Asiyejua somo huanguka kote kuwili. Nilipomuuliza majaribio yalikuwa ya namna gani, alisema moja lilikuwa insha ya kuandikia nyumbani kwa wiki mbili, na jingine maswali mafupi ya darasani. Ujuzi, basi, ulikuwapo. Kilichomshinda ni kuutoa ndani ya saa mbili, kwa kalamu, mbele ya swali ambalo hakulitunga yeye. Niliwahi kufundisha chuoni kwa mkataba wa vipindi kwa miaka kadhaa na kusahihisha vijitabu vya majibu kwa mamia, na naweza kusema kwamba wanafunzi wa aina hii ni wengi kuliko wavivu, ila wavivu ndio wanaosemwa.

Kilichoandikwa

Kijitabu cha majibu hakirudishwi kwa mwanafunzi, kwa hiyo hatukuwa na ushahidi wa alichoandika. Nilimkalisha mezani, nikampa karatasi tupu, nikamwomba ajaribu kukumbuka jibu lake la swali mojawapo na kuliandika upya kadiri awezavyo. Nilitarajia aniandikie muhtasari. Aliandika kurasa sita bila kusita, kituo kwa kituo, na alipomaliza aliniambia kwamba ana hakika ni maneno yale yale. Miezi sita ilikuwa imepita. Hakuna mtu anayekumbuka neno kwa neno insha aliyoitunga chini ya saa ya mtihani nusu mwaka uliopita, ila kama hakuitunga siku ile hata kidogo, bali alikuja nayo kutoka nyumbani na kuimimina kwenye karatasi kama ilivyo. Ndipo akanitolea daftari. Ndani yake mlikuwa na insha kumi na nne kamili, nyingine za kwake, nyingine za wenzake waliotangulia, kila moja imepigwa mstari kwa rangi tatu, na zote alikuwa amezihifadhi kichwani.

Swali lililoulizwa, nikiliweka kwa Kiswahili kwa kuwa mtihani ulikuwa wa Kiingereza, lilikuwa hili: Kwa kiasi gani kuporomoka kwa uchumi wa Lamu katika miaka ya baada ya 1890 kulisababishwa na kukomeshwa kwa utumwa? Jibu alilohifadhi, kwa upande wake, lilikuwa la swali jingine ambalo liliwahi kutolewa miaka ya nyuma, lililotaka historia ya kukua na kuanguka kwa Lamu. Maswali haya mawili yanafanana kwa mbali, na kufanana huko ndiko kulikomponza.

Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa Pate, kisiwa jirani, na ukoo wa Nabhani uliokitawala. Wa pili ulikuwa wa vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, ambavyo alivieleza kwa uzuri ambao ungempendeza mzee yeyote wa mtaa wetu wa Mkomani, pamoja na maji kupwa na majahazi ya adui kukwama mchangani. Wa tatu ulieleza namna watu wa Lamu walivyomgeukia Seyyid Said wa Omani, na ngome iliyokamilika mwaka 1821. Neno "utumwa" lilijitokeza mara ya kwanza katikati ya ukurasa wa nne. Mkataba wa 1873, ambao Sultani Barghash wa Zanzibar aliutia saini chini ya shinikizo la Waingereza na kufunga masoko ya watumwa, ulipewa sentensi moja. Mwaka 1907, ambao ndio mwaka hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa katika pwani ya Kenya ya leo, haukutajwa. Ukurasa wa sita ulimalizika kwa kusema kwamba Lamu ni mji wenye historia ndefu na kwamba uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ni kweli tupu, na haimsaidii mtu yeyote aliyeuliza swali lile.

Hakukuwa na kosa hata moja la ukweli katika kurasa zote sita. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mama, na kijana mwenyewe, walidhani kwamba anayeanguka ni aliyeandika uongo. Msahihishaji aliyekutana na jibu hili alikuwa na kazi ya kutafuta mahali swali linapojibiwa, na kwa kadiri ninavyojua kazi hiyo, angeweza kumpa alama sita au saba kati ya 20, za huruma zikiwamo.

Swali linapoanza na "kwa kiasi gani" linataka kipimo. Mteja anayemuuliza muuza samaki "kilo ngapi?" hajibiwi kwa kusimuliwa samaki alivyovuliwa, hata kama kisa cha kuvuliwa kwake ni cha kweli na kinapendeza. Kijana huyu alikuwa akisimulia uvuvi. Nilipomuuliza maneno yale ya swali yana maana gani, alijibu upesi, "Eleza." Na "jadili" je? "Eleza." "Tathmini"? Akafikiri kidogo. "Eleza kwa kirefu."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo jibu peke yake halikulionyesha, nalo ni saa. Karatasi yake ilikuwa na swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha mawili ya kuchagua kati ya manne, kila moja alama 20, yote kwa dakika 120. Mtu akigawanya muda kwa alama, swali la 30 linastahili kama dakika 51 na kila swali la 20 kama dakika 34, kabla ya kutoa muda wa kusoma karatasi yenyewe. Yeye alianza na swali la Lamu kwa kuwa ni la nyumbani, akalipa, kwa makadirio yake, zaidi ya saa nzima. Swali la lazima likapata kama dakika arobaini, na la tatu likapata robo saa, mistari kumi na mmoja. Alama za mwanzo za swali lolote ni rahisi kuzipata kuliko za mwisho. Dakika ishirini alizozitumia kuipamba insha ya Lamu hazikumwongezea chochote pale, lakini zingetosha kumpa alama nne au tano katika swali aliloliacha likining'inia. Alikuwa amepungukiwa na mbili.

Kilikotoka

Ni rahisi kusema kwamba alikariri, na kukariri ni kubaya, kisha mtu akaenda zake. Sikubaliani na usemi huo, na katika kisa hiki ungetupotosha kabisa.

Kijana huyu amekulia madrasa, na amehifadhi juzuu kumi. Nilimwomba anieleze alivyozihifadhi, hatua kwa hatua, kana kwamba mimi sijui. Alisema ustadh humpa kipande, naye hukisoma mara chache akiwa na msahafu wazi. Kisha ustadh humwambia afunge msahafu na asome. Akikwama, hukwama, hapewi neno mpaka ahangaike nalo. Kesho yake, kabla ya kupewa kipande kipya, hudurusu cha jana, na siku ya Alhamisi hudurusu vya wiki nzima, na kila baada ya muda hurudishwa nyuma kwenye juzuu za zamani. Nikamuuliza: na zile insha kumi na nne, ulizihifadhi vivyo hivyo? Akacheka. Zile alizisoma tu, usiku kwa usiku, mara kumi, mara kumi na tano, daftari likiwa wazi mbele yake muda wote, mpaka zikakaa zenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jibu la swali la mama yake. Katika yale aliyofundishwa madrasa mna mambo mawili. La kwanza ni namna ya kukifanya kitu kikae kichwani: funga kitabu, kitoe, kosea, rudi, na urudie baada ya siku, si baada ya dakika. La pili ni sharti la maandiko matakatifu, kwamba haibadiliki hata herufi. Kijana alikwenda chuo kikuu na lile la pili, ambalo halifai katika insha, akaliacha la kwanza, ambalo lingemfaa sana. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Washington University huko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo ustadh wake angelitambua mara moja. Wanafunzi wa kundi moja walisoma kifungu kilekile katika vipindi vinne mfululizo. Wa kundi jingine walikisoma kipindi kimoja, kisha wakajaribu mara tatu kukitoa kichwani bila kukitazama. Dakika tano baadaye waliosoma tu walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukitoa walikumbuka takriban asilimia 61, na waliorudia kukisoma asilimia 40. Ubaya wa kurudia kusoma ni kwamba usiku ule ule humpa mtu hisia ya kujua, naye hulala na kitabu kifuani akiwa ameridhika.

Chanzo cha pili kilikuwa shule ya upili. Mtihani wa historia wa kidato cha nne nchini Kenya huuliza, kwa mfano, ueleze sababu sita kwa alama 12, na mwalimu hodari humzoesha mwanafunzi kuhesabu hoja: moja, mbili, tatu, kila moja na alama zake mbili. Utaratibu huo una faida zake na sitaudharau, kwa kuwa nami nilifundisha hivyo. Lakini mwanafunzi aliyeishi nao kwa miaka minne huingia chuoni akiamini kwamba hoja zote zina uzito mmoja na kwamba jibu bora ni lenye hoja nyingi. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa anatakiwa kuzipambanisha hoja na kusema ipi inashinda.

Wiki tano

Tulikubaliana kukutana asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, siku zote isipokuwa Ijumaa. Ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka na mvua hupita bila taarifa, na mara mbili tulihamia ndani na karatasi zetu zikiwa zimelowa. Jambo la kwanza nililomtaka afanye ni kunikabidhi lile daftari. Alisita kama mtu anayeambiwa aache viatu vyake kwenye mlango asioujua. Nililiweka kabatini, na nikamwahidi kulirudisha siku ya safari.

Wiki ya kwanza hatukusoma kitu kipya. Kila siku alichagua mada moja, akafunga kila kitu, akaandika kwenye karatasi moja yote aliyoyakumbuka kwa dakika kumi na tano: majina, miaka, sababu, nani alipata na nani alipoteza. Kisha ndipo alipofungua maelezo yake ya darasani na kuona kilichomponyoka. Siku ya tatu alikasirika, kwa kuwa aligundua kwamba mada aliyodhani anaijua kuliko zote, ile ya Witu, usultani uliokuwa bara karibu na Lamu, alikuwa anaijua kwa mpangilio wa sentensi tu. Nilipomvunjia mpangilio kwa kumuuliza katikati, hakujua kipi kilitangulia. Hasira hiyo niliipokea vizuri. Ni bora impate mtu dakani kwangu kuliko kwenye chumba cha mtihani.

Wiki ya pili ilikuwa ya maswali peke yake. Nilimpa maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, naye hakuruhusiwa kuyajibu. Alitakiwa aseme swali linataka nini kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, kisha aseme msimamo wake kwa sentensi nyingine. Kuhusu lugha nitasema jambo moja: wapo wanaoshikilia kwamba mtihani ukiwa wa Kiingereza basi mtu afikirie kwa Kiingereza. Kijana huyu alipofikiria kwa Kiingereza, alifikiria kwa sentensi za daftari, kwa sababu hizo ndizo alizokuwa nazo. Alipofikiria kwa Kiswahili alikuwa mkali, mbishi, mwepesi wa kuona udhaifu wa hoja, kama alivyo barazani. Tukaamua kwamba mpango wa kila jibu atauandika kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu, mistari mitano au sita, aupige mstari wa kuufuta, kisha ndipo aandike jibu lenyewe kwa Kiingereza chake cha kawaida, bila madoido.

Wiki ya tatu nilikosea mimi. Nikitaka aende haraka, nilimpa kiunzi cha kufungulia jibu lolote la "kwa kiasi gani": ingawa jambo hili lilichangia, lile ndilo lililokuwa na uzito zaidi, kwa sababu hii. Nikampa na mfano, wa reli. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, nayo ikauvuta upande wa Mombasa mzigo na mtaji ambao ungeweza kugawanywa na bandari nyingine za pwani. Ni hoja nzuri. Siku tatu baadaye nilimpa swali la usultani wa Witu na ushindani wa Wajerumani na Waingereza kati ya 1885 na 1890, akaniandikia kwamba ingawa ushindani huo ulichangia, reli ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi. Reli ambayo ingeanza kujengwa miaka sita baada ya mwisho wa kipindi kilichoulizwa! Nilikuwa nimelifungia kabatini daftari lenye majibu kumi na manne, kisha nikampa la kumi na tano kwa mkono wangu.

Baada ya hapo sikumpa kiunzi tena. Nilimpa zoezi la kinyume chake, na naamini ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Badala ya swali moja lenye ukweli mwingi, tulichukua ukweli mmoja na kuupeleka kwenye maswali kadhaa. Tuliuchukua mwaka 1907. Katika swali la kuporomoka kwa Lamu, 1907 ni ushahidi wa kuchelewa: ikiwa utumwa ulikuwa bado na hadhi ya kisheria mpaka mwaka huo, basi kuporomoka kulikoonekana miaka ya tisini ya karne ya 19 hakuwezi kubebeshwa sheria hiyo peke yake. Katika swali la uhusiano wa serikali ya kikoloni na wenye mashamba wa pwani, mwaka ule ule ni ushahidi wa serikali iliyoogopa kuwaudhi waungwana na ikasubiri. Katika swali la kulinganisha visiwa na bara, ukweli huo unasimama kando ya 1897, mwaka wa amri ya Unguja na Pemba, na kinachozungumza ni ile miaka kumi ya katikati. Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ami, kumbe mwaka hausemi kitu mpaka uulizwe." Hunita ami ingawa si mtoto wa ndugu yangu, kama vijana wa mtaani wanavyowaita watu wa rika la baba zao. Zoezi hilo tulilifanya kwa mkataba wa 1873, kwa Witu, kwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyopata hati yake mwaka 1888 na kuweka makao Mombasa, na hata kwa biashara ya boriti za mikoko iliyoendelea kwenda Arabuni na Ghuba kwa majahazi wakati biashara nyingine zikizorota.

Wiki ya nne ilikuwa ya mkono. Watu hawalifikirii jambo hili. Kijana huyu huandika kila kitu kwa simu, na mkono wake ulikuwa haujashika kalamu kwa saa mbili mfululizo tangu mtihani ule wa Disemba. Jibu la kwanza la dakika 34 lilimtoa jasho, na mwandiko wa ukurasa wa pili haukusomeka. Tulianza na jibu moja kwa siku, yakawa mawili, na siku mbili za mwisho aliandika karatasi nzima, dakika 120, saa ya ukutani mbele yake, akianza na swali la alama 30 na kuliacha dakika yake ikifika hata kama sentensi haijaisha. Kuacha sentensi nusu kulimuuma kuliko jambo lolote nililomtaka afanye. Nilimwambia aache mistari mitatu mitupu na arudi mwishoni akipata nafasi.

Siku ya mwisho nilimrudisha kwenye swali la Disemba. Mpango wake kwenye ukurasa wa nyuma ulikuwa wa mistari mitano, na jibu lilianza hivi, kwa tafsiri yangu: "Kukomeshwa kwa utumwa kuliiumiza Lamu, lakini kuliiumiza polepole na kwa kuchelewa, kilichoiacha nyuma mapema zaidi ni kuhamia kwa serikali, kampuni na hatimaye reli upande wa Mombasa." Hakukuwa na Pate, wala vita vya Shela. Aya ya pili ilikiri nguvu ya hoja ya utumwa: mashamba ya bara mkabala na kisiwa yalitegemea kazi ya watumwa, na mkataba wa 1873 uliwakatia wenye mashamba njia ya baharini ya kupata wengine. Aya ya tatu iliipunguza hoja hiyo kwa 1907. Ya nne ilileta Mombasa, 1888 na 1896. Ya tano ilileta boriti, ili kuonyesha kwamba si biashara yote iliyokufa, na kwamba neno "kuporomoka" lililo ndani ya swali lenyewe linahitaji kutazamwa. Kurasa mbili na nusu, dakika 33.

Kwa kweli sikukubaliana naye. Naona alikidharau kile kilichotokea kabla ya sheria: watumwa wengi hawakuisubiri 1907, walitoroka, na vijiji vya watoro vilivyozunguka Witu vilikuwa vikiwanyonya wenye mashamba nguvu kazi kwa miaka mingi kabla ya sheria hiyo kutiwa saini. Nilimwambia hivyo, naye akanibishia kwa nusu saa mpaka kahawa ikapoa. Nilimpa 14 kati ya 20. Msahihishaji halipi makubaliano. Hulipa msimamo uliosimamishwa juu ya ushahidi, na aliyenishawishi kwamba amenielewa ndipo akakataa kunifuata alistahili zaidi ya hapo, ila aya yake ya nne ilikuwa fupi.

Alama

Matokeo ya mtihani wa marudio yalikuwa 40. Mama yake alisikitika, akidhani wiki tano zimeleta alama mbili tu, nikalazimika kumweleza kwamba katika vyuo vikuu vingi vya Kenya aliyepita sapu huandikiwa 40, awe ameipata kwa shida au ameandika karatasi bora kuliko zote. Kwa hiyo namba hiyo haituambii chochote zaidi ya kwamba alipita. Anayetaka kupima kilichobadilika hana budi kutazama muhula uliofuata, ambao kijana aliukabili bila mimi, na ambamo masomo matatu yalipimwa kwa insha. Alipata 61, 57 na 49.

Daftari nililirudisha kama nilivyoahidi. Alilipokea, akalitazama, akaniambia niendelee kulitunza mimi. Liko kabatini mpaka sasa.

Ile 49 ndiyo niliyotaka kuijua alipokuja likizo, kwa sababu ilikuwa ya historia ya Uislamu katika Afrika Mashariki, somo analolipenda. Tuliketi dakani, akanichorea karatasi ilivyokuwa: swali la lazima, kisha manne ya kuchagua. Nilimuuliza alianza na lipi. Hakujibu. Nikamuuliza swali hilo alilipa dakika ngapi, akasema hamsini na tano, labda sitini, na alipoona namtazama akainua mikono.

"Ami," akasema, "swali lilikuwa la msikiti wetu wa Riyadha."